Kusalimu Amri: Nani Kasalimu, na Kasalimu Nini?

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja, wa vitenzi vya kukubali kushindwa. Zilizofanana tumezijibu pamoja, na zile zilizodai maelezo marefu tumezipa nafasi yake.

Mhariri, salaam. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili. Mwanafunzi wangu kaandika: "Askari walisalimu amri ya mkuu wao wakaanza kupanda mlima." Nilipomkata maksi akaniuliza: kusalimu si ni kutoa salamu, na amri si ni agizo? Kulipokea agizo kwa heshima si ndiko kulisalimu? Najua kakosea, ila sina maelezo ya kumtosheleza.
*Mwalimu wa sekondari*

Mwalimu, maksi umemkata kwa haki, lakini hoja yake ni ya mtoto anayefikiri na inastahili jibu kamili.

Shina la "salimu" lina matawi mawili. La kwanza ni la amani na heri. Humo mna salama, salamu, kusalimia, kusalimiana, na kusalimika, kama tunaposema abiria wote walisalimika. Rais Samia Suluhu Hassan anapofungua hotuba kwa kusema "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" na umati ukamwitikia "Kazi iendelee", anatumia tawi hilo. La pili ni la kukabidhi, yaani kutoa kitu kikatoka mikononi mwako kikaingia mikononi mwa mwingine. Huku ndiko kuliko kusalimisha silaha, kujisalimisha na kusalimu amri. Mwanafunzi wako amechukua maana ya tawi la kwanza akaipachika kwenye usemi wa tawi la pili.

Neno "amri" nalo halikomei kwenye agizo. Sikiliza watu wanavyosema: "Huyo hana amri juu yangu." "Katika nyumba hii amri ni ya bibi." Hapo haizungumziwi kauli ya kuagiza, unazungumziwa uwezo wa kuamua. Kiarabu kina usemi wa kumkabidhi mwingine *amr* yako, na *amr* kwao ni agizo na pia ni shauri au jambo la mtu. Basi anayesalimu amri hapokei agizo la mkubwa wake. Anatoa uamuzi wake mwenyewe na kumwachia mwenzake: "Haya, kuanzia sasa shauri langu liko mikononi mwako." Amri inayotajwa ni yake, si ya yule anayekabidhiwa.

Mwelekeze kwa njia mbili anazoweza kuzijaribu peke yake. Ya kwanza, aangalie neno linalofuata "amri". Katika usemi huu "amri" haivumilii kivumishi wala kimilikishi, kwa hiyo hatusemi "walisalimu amri ya mkuu", "walisalimu amri zao" wala "walisalimu amri hiyo". Mara tu unapoona "ya", "hiyo" au "zote" inanata baada yake, kitenzi kilichotakiwa ni kutii, kufuata, kutekeleza au kushika. Ya pili, ajiulize huyo mwingine yuko upande gani. Mtu hutii aliye upande wake, au aliye juu yake kwa haki. Husalimu amri kwa yule aliyekuwa akipambana naye. Askari wa sentensi ile hawakuwa wakipigana na mkuu wao. Walitii amri ya mkuu wao wakaanza kupanda mlima.

Umwonye pia kuhusu kusilimu, ambako ni kuingia katika Uislamu. Ukoo ni huohuo na herufi iliyobadilika ni moja tu, ila "kikosi kizima kilisilimu" ni habari nyingine kabisa.

Naandika habari za michezo. Timu ilifungwa 2-1, bao la pili likiingia dakika za nyongeza. Nikatoa kichwa cha habari kwamba timu hiyo "yasalimu amri". Mhariri wangu akakifuta akasema nimewatukana wachezaji. Hivi hawakushindwa?
*Mwandishi wa michezo*

Walishindwa, ila hawakusalimu amri, na mhariri wako yuko sahihi. Kushindwa ni matokeo, kusalimu amri ni uamuzi. Ili usemi huu ukae vizuri yatakiwa mambo matatu: pawe na pambano, upande mmoja uwe umezidiwa au waona utazidiwa, na upande huo uamue wenyewe kuacha kushindana huku bado ungeweza kuendelea. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa kila siku kwenye kurasa za michezo. Timu inayokimbiza mpira mpaka filimbi ya mwisho haikuamua kuacha chochote. Ilifungwa, ilichapwa, ililala 2-1, ilikubali kipigo. Hata "ilikubali kipigo" inabeba ladha ya kuridhika, lakini imezoeleka hivi kwamba hakuna tena anayeisikia ladha hiyo.

Ndondi huonyesha tofauti hii vizuri, kwa sababu kule kuacha kuna ishara yake. Chukua mapambano matatu. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman aliangushwa na Muhammad Ali raundi ya 8, akahesabiwa mpaka pambano likaisha. Foreman alishindwa, hakusalimu amri, kwa kuwa hakuulizwa. Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, Joe Frazier alikuwa amevimba macho hata haoni ngumi za Ali zinakotokea, lakini alitaka kuingia raundi ya 15. Mkufunzi wake, Eddie Futch, ndiye aliyekataa na kulisimamisha pambano. Ukiandika "Frazier alisalimu amri" utakuwa umesema uongo juu ya mtu. Andika kwamba kona yake ilisalimu amri, au kwamba mkufunzi wake alimtoa. New Orleans, tarehe 25 Novemba 1980, Roberto Durán aliacha mwenyewe raundi ya 8 mbele ya Sugar Ray Leonard. Alimgeuzia mpinzani mgongo na kumwonyesha mwamuzi kwamba haendelei. Huyo ndiye aliyesalimu amri, kwa mambo yale yote matatu.

Kwa mpira wa miguu, uhifadhi usemi huu kwa timu iliyotoka uwanjani kabla ya muda, au iliyoamua kutofika kabisa. Kutofika nako kuna jina lake la vijiweni, kuingia mitini.

Redioni tunasoma kila wiki "mtuhumiwa amesalimu amri polisi" na siku nyingine "amejisalimisha polisi". Ipi ni sahihi? Na tunapomsema hivyo mtu aliyeitwa kwa barua, tuko salama?
*Msomaji habari*

Tuanze na swali lako la pili maana ndilo linaloweza kumdhuru mtu. "Amejisalimisha" humwambia msikilizaji kwamba mtu huyo alikuwa akitafutwa na alikuwa nje ya mikono ya dola kwa kusudi: kajificha, katoroka, au kagoma. Aliyepigiwa simu saa tatu akafika kituoni saa tano hakujisalimisha. Aliripoti polisi, aliitikia wito, alifika kituoni kuhojiwa. Kabla ya kusoma "amejisalimisha" hewani, tafuta kwenye habari yako sentensi inayosema alikuwa akisakwa. Ikiwa haimo, badilisha kitenzi.

Sasa la kwanza. Kusalimu amri ni kuacha pambano. Kujisalimisha ni kukabidhi mwili wako. Kile kiambishi "-ji-" ndicho kitu kinachokabidhiwa: mtu amejitoa yeye mwenyewe, akaenda akasimama mbele ya aliyekuwa akimtafuta. Kwa hiyo majambazi waliozingirwa ndani ya nyumba husalimu amri wanapoacha kufyatua risasi, kisha hujisalimisha wanapotoka nje mikono juu. Mara nyingi mambo hayo mawili hutokea dakika ileile, ndiyo maana hatuoni mpaka wake.

Kisa cha Luteni Hiroo Onoda wa jeshi la Japani kinauonyesha mpaka huo waziwazi. Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti 1945, na hati ikatiwa saini tarehe 2 Septemba ndani ya manowari ya Kimarekani katika ghuba ya Tokyo. Onoda, aliyekuwa msituni katika kisiwa cha Lubang huko Ufilipino, hakuamini kwamba vita vimekwisha, akabaki huko mpaka Machi 1974. Nchi yake ilisalimu amri 1945. Yeye alijisalimisha 1974. Tena kuna la ziada hapo: alitoka msituni baada ya aliyekuwa mkuu wake wa kijeshi kuletwa mpaka kisiwani kumsomea amri ya kuacha mapigano. Kwa mkuu wake, Onoda alitii amri. Kwa serikali ya Ufilipino, alijisalimisha. Vitenzi hivi havibadilishani nafasi hata vikimhusu mtu mmoja siku zilezile.

Kuhusu neno linalofuata: sema "amejisalimisha polisi", "amejisalimisha kituoni" au "amejisalimisha kwa polisi". Zote zinakubalika. Zile mbili za mwanzo zinataja mahali, ya tatu inataja watu. "Amesalimu amri polisi" iache. Kusalimu amri hakuna mahali pa kwenda, kuna mpinzani tu, naye hutajwa kwa "kwa" au "mbele ya".

Kitu kinapokabidhiwa badala ya mtu, "-ji-" huondoka: wananchi husalimisha silaha, mtoro husalimisha pasi yake ya kusafiria. Mtu wa tatu naye anaweza kukabidhiwa, kama "wazee walimsalimisha kijana kwa polisi". Kusalimisha kuna pia maana ya kuokoa, ile ya tawi la kwanza, kwa hiyo sentensi kama "walijisalimisha milimani" humwacha msomaji hajui kama walikimbilia usalama au walikwenda kukamatwa. Ukikusudia kukimbilia usalama, kuna kujiokoa na kujinusuru, visivyo na utata wowote.

Na kuweka silaha chini je? Huko si lazima kuwe kusalimu amri. Pande mbili zinaweza kuweka silaha chini kwa mapatano bila yeyote kuitwa mshindwa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa bado anapigana mapatano ya kusitisha vita yalipotiwa saini Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Aliziweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, siku 14 baadaye. Mwandishi mmoja wa historia ataandika "alijisalimisha", mwingine "aliweka silaha chini". Wa pili anakumbuka kwamba hakuzidiwa porini. Aliacha kwa sababu vita vilikwisha kwingine. Ukichagua kimojawapo, ujue umesema lipi.

Tunabishana ofisini: ni "hasalimi amri" au "hasalimu amri"? Na amri ikisalimiwa, tunaandikaje?
*Mhakiki wa matini*

"Hasalimu." Vitenzi vilivyoingia kutoka Kiarabu bila irabu "a" mwishoni, kama kujibu, kufikiri, kusamehe, kutii, havibadili irabu hiyo kwenye kukanusha wala kwenye dhamira tegemezi. Hajibu, hafikiri, hasamehe, hasalimu amri. Vivyo hivyo: asalimu amri, asisalimu amri, tusisalimu amri. Amri ya wengi ni "Salimuni amri!" Lakini mara ukishaongeza mnyambuliko, kitenzi kinapata "a" yake na kurudi kwenye mkondo wa kawaida: hajisalimishi, ajisalimishe, wasijisalimishe. Watu wanaoandika "hasalimi" wanachukua mwenendo wa huku na kuupeleka kule.

Amri haisalimiwi. Usemi huu hauna kauli ya kutendwa, kwa sababu "amri" imeganda kwenye kitenzi na haiwezi kutoka ikawa kiima. Vilevile haupokei kiwakilishi cha mtendwa: "alimsalimu amri" inasomeka kama salamu iliyokatizwa njiani. Sema "alisalimu amri mbele yake". Ukitaka kusababisha, zunguka: "walimlazimisha asalimu amri", au tumia kitenzi kingine, "walimtiisha".

Tatizo kubwa zaidi, ambalo hamkuliuliza, limo kwenye "kwa". Tazama sentensi hii: "Kusalimu amri kwa Japani kulibadili vita." Nani alisalimu? Msomaji mmoja ataelewa Agosti 1945, Japani ilipoacha vita. Mwingine ataelewa Februari 1942, Waingereza waliposalimu amri Singapore mbele ya Wajapani. Sarufi inawaruhusu wote wawili, kwa sababu "kwa" baada ya kitenzi-jina huweza kutaja mtendaji na huweza kumtaja anayetendewa. Dawa yake ni kupanga upya. Mtendaji mtangulize: "Japani kusalimu amri kulibadili vita." Mpinzani mpe "mbele ya": "Waingereza kusalimu amri mbele ya Japani kulibadili vita." Kwenye vitabu vya historia kosa hili ni la hatari, nasi tunawasihi wahakiki walikamate.

Naandika hadithi za mapenzi na ndoa. Mume na mke wamegombana, mmoja anaachia ugomvi uishe. "Kusalimu amri" inanisikikia kama vita. Nitumie nini?
*Mtunzi*

Sikio lako ni zuri. Nyumbani, kusalimu amri humfanya mmoja kuwa mshindi na mwingine mateka, labda iwe ndivyo unavyotaka. Kiswahili kina ngazi ndefu hapa, na kila neno linasema kilichobaki moyoni mwa anayeachia.

Aliyeshawishika kweli ameridhia. Kuridhia kuna ridhaa ndani yake, hakuna kinyongo, na ndicho kitenzi kinachotumika hata nchi zinaporidhia mikataba. Aliyepunguza madai yake lakini akabaki na sehemu ya madai hayo amelegeza msimamo, au amelegeza kamba. Hapo bado kuna majadiliano. Aliyeacha kujali nani mkubwa kati yao amejishusha. Neno hilo la mwisho ni la utu, na wasuluhishi wa ndoa wanalipenda, ila ukimpa kila mara mhusika mmoja tu, msomaji ataona unaegemea upande.

Kisha kuna kukubali yaishe, ambako kwa hadithi zako tunakuona kuwa hazina. "Nikakubali yaishe." Aliyesema hivyo hajabadili mawazo hata kidogo. Bado anaamini alikuwa na haki, ila amechoka, au anampenda mwenzake kuliko anavyopenda kushinda. Kisarufi, "ya-" hapo ni ya mambo au maneno, na haigeuki kwa nafsi: nilikubali yaishe, tukakubali yaishe, amekubali yaishe. Wanaoandika "tukakubali tuishe" wamebadili maana. Sasa wanakubali kufa.

Chini zaidi ngazi zinaingia giza. Kunywea ni kujikunja kwa woga, sauti ikapotea, mabega yakashuka. "Aliposikia jina la baba yake akanywea." Kitenzi hiki hakipokei yambwa. Ukikipa, kinageuka kuwa kunywa kwa kutumia kitu, kama katika "alinywea kikombe kile". Kufyata mkia ni hivyo hivyo lakini pamoja na aibu, kwa kuwa mwenye mkia ni mbwa, na hapendezi kusemwa hivyo yeyote unayetaka msomaji ampende. Kufyata ulimi ni jambo jingine tena. Huko ni kunyamaza tu. Mke anayefyata ulimi huenda hajaachia chochote. Anasubiri wageni waondoke.

Uangalie mpangilio wa wakati pia. Mtu hulegeza msimamo kabla ya kuridhia. Akishanywea, hana tena nafasi ya kulegeza msimamo, kwa maana hana msimamo. Mhusika akinywea ukurasa wa kumi na ukurasa wa kumi na moja "akalegeza kamba kidogo", hapo uhusika umekatika.

Natafsiri riwaya ambamo kitenzi kimoja cha kuachia kimetumika kwa mlango uliovunjwa, mtu aliyepitiwa na usingizi, aliyeingia majaribuni, na mgonjwa aliyefariki. Nimeandika "kusalimu amri" kote na rasimu inasomeka vibaya.
*Mfasiri*

Inasomeka vibaya kwa sababu vitu visivyo na uamuzi haviwezi kuamua kuacha. Mlango hausalimu amri. Sema uliachiaje: bawaba ziliachia, komeo liling'oka, ubao ulipasuka. Paa hubonyea, ardhi hudidimia au hutitia, kamba hukatika. Kiswahili kinataka ujue kilichovunjika kabla ya kukisema, na hilo litakulazimisha uisome upya matini ya asili, jambo ambalo ni faida.

Kwa mwanadamu aliyezidiwa na kitu cha ndani mwake, geuza sentensi. Lugha yetu hupenda kukifanya kile kinachomshinda kiwe ndicho mtendaji: usingizi ulimchukua, usingizi ulimpitia, machozi yalimtoka, hasira zilimpanda, tamaa ilimshinda. Ukilazimisha "alisalimu amri kwa usingizi", umemweka mtu mbele na umemnyang'anya usingizi nguvu zake. Kwa majaribu kuna pia kushawishika, na kuna "shetani alimpitia", lakini hii ya mwisho ni kauli ya kujitetea. Inakaa kinywani mwa mhusika anayeomba msamaha, si kwenye sauti ya msimulizi.

Mgonjwa huzidiwa, hali hubadilika, kisha hufariki. Acha mfuatano huo ulivyo. Watu wanaosubiri nje ya wodi wanaujua, na kila neno lina uzito wake: "amezidiwa" bado ina tumaini ndani yake.

Watoto wangu wakitegeana vitendawili, anayeshindwa hutoa mji. Je, huko nako ni kusalimu amri?
*Mzazi*

Ndiyo, tena kunatimiza yale matatu tuliyomweleza mwandishi wa michezo. Pambano lipo, kuzidiwa kupo, na kuacha hutamkwa kwa hiari. Mfano wake ni huu:

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."
"Kaburi." "Siyo." "Mzinga." "Siyo."
"Tumeshindwa."
"Nipeni mji."
"Chukua Mombasa."
"Mombasa nimekwenda, sikupata kitu."
"Basi chukua Zanzibar."
"Zanzibar nilikwenda, watu wa Zanzibar wakanipokea kwa heshima. Jibu ni yai."

Utaona kwamba kusema "tumeshindwa" peke yake hakutoshi. Jibu halitoki mpaka kitu kikabidhiwe, na mtegaji ana haki ya kukataa mji asioupenda. Wafundishe wanao wasiruke hatua ya mji, maana wakiiruka wanabaki na maswali na majibu tu.

Kubwaga manyanga na kuachia ngazi ni kitu kimoja?
*Mwanafunzi wa uandishi wa habari*

Vinakaribiana, ila si kitu kimoja. Manyanga ni ala ya kutikisa ngomani. Mchezaji akiibwaga chini, kwake ngoma imekwisha. Hivyo kubwaga manyanga hufaa kwa yeyote anayeacha jambo alilokuwa akilifanya kwa bidii, awe na cheo au asiwe nacho. Kuachia ngazi kunahitaji cheo: waziri, mwenyekiti, kocha. Vyote viwili vinasema mtu ameondoka mwenyewe, kwa hiyo usivitumie kwa aliyefukuzwa hata kama barua yake ya kufukuzwa imeandikwa kwa upole. Kubwaga moyo, ambako wengi hukuchanganya na kubwaga manyanga, ni kutulia na kuondoa wasiwasi.

Vijana wangu wanasema "nimesanda". Nalikubali kwenye insha?
*Mwalimu wa shule ya msingi*

Ni neno la mtaani lililotoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kusalimu amri, likapitia "kusarenda", likafupishwa. Kwenye insha rasmi, hapana. Kwenye mazungumzo ya wahusika vijana, ndiyo, na litakaa vizuri kuliko "nimesalimu amri", ambayo hakuna mtoto anayeitamka akishindwa mchezo. Waeleze tu kwamba Kiswahili kina "sanda" nyingine, nguo ya kuzikia maiti, kwa hiyo walitamke mbele ya wazee likiwa na kiambishi chake wazi: nimesanda, amesanda, tumesanda.